Utafiti wa Mbegu za Papai

Benchi letu liko nje ya kibanda cha kinyozi, na hapo ndipo mambo ya dunia hukatwa kabla ya nywele. Asubuhi ile Soli, mshona viatu, alifika na vidonge vyake vya presha mfukoni, akatangaza kwamba kuanzia leo hamezi tena. Aliyemshawishi ni Profesa, fundi simu, ambaye uprofesa tulimtunuku sisi wenyewe. Muuza kahawa akamimina, kikao kikaanza.

— Wanasayansi wamethibitisha, alisema Profesa. Mbegu za papai zinashusha presha. Imo kwenye jarida.

— Umelisoma? nikauliza.

— Nimesoma kichwa cha habari. Samaki huanzia kichwani, bwana!

— Huanza kuoza, nikamkumbusha.

Kinyozi akatoka na wembe mkononi.

— Hospitali wanajua siku nyingi! Wewe ukipona, vidonge watammezesha nani? Ndiyo maana siku hizi mapapai hayana mbegu.

— Jana nimekula lenye mbegu, nikasema.

— Hizo za bandia. Wanazipandikiza usiku.

— Shemeji yangu alizitafuna, akadakia Chuma, mchomelea mageti. Presha ilishuka hadi ikabidi wampandishe!

Profesa akasimama.

— Ya nini kubishana? Utafiti tumefanya wenyewe. Benchi zima tunatafuna mbegu tangu mwezi uliopita. Aliyezidiwa anyooshe mkono!

Hakuna aliyenyoosha.

— Mnaona? Asilimia mia!

— Na Mizani je? nikauliza. Naye alitafuna nasi hapa benchini, si alianguka?

— Mizani yuko wodini, hahesabiwi. Asiyekuwepo na lake halipo.

Soli alicheka pamoja nasi, lakini mkono wake ulibaki mfukoni, kwenye vidonge.

Hapo akatokea mkewe na chupa ya maji.

— Hamjambo shemeji zangu. Nimesikia habari za mbegu. Naomba kuuliza tu: hao wa kwenye jarida waliacha vidonge, au walimeza huku wakitafuna?

Profesa akaipekua simu juu, akaipekua chini, akaizima. Kinyozi akakumbuka kuna kichwa alikiacha nusu. Chuma akainamia kikombe chake kikavu, akaomba kingine, na muuza kahawa akainua birika kuonyesha kwamba imekwisha.

Soli akatoa kidonge, akapokea maji ya mkewe, akameza. Kisha akatuuliza kama kuna yeyote aliyekwenda kumwona Mizani.

Hapo pia hakuna aliyenyoosha mkono.