Kilima Nilichomtajia Bwana Majani

Sogeeni, wanangu, na wewe Stanislas acha kusimama mlangoni kama mgeni. Padri amekwisha kunipaka mafuta, na habari za shamba na cherehani ya marehemu mama yenu tulizimaliza jana. Lililobaki ndilo zito, nami nitalisema mara moja tu, maana pumzi ya kurudia sina.

Mnajua nilimtumikia Bwana Majani, yule muzungu aliyekausha mimea ndani ya magazeti. Miaka kumi na mmoja nilimtangulia porini, kutoka Lualaba mpaka Tenke, na jicho la kutambua mmea mgeni lilikuwa langu, si lake. Msilolijua ni kwamba kabla yenu tulikuwa na mtoto, Kabedi. Alikufa mwaka wa kuhara damu, kambi yetu ya wafanyakazi imefungwa asitoke mtu, maiti zinatupwa shimo moja na kumwagiwa chokaa. Mimi na mama yenu tukamwiba, tukambeba hadi kilima kisicho na miti ng'ambo ya mto Musonoi, tukamzika wenyewe. Nikiwa nachimba nikaona ua la buluu nisilopata kuliona popote, mizizi yake imeshika udongo wa kijani, udongo wa shaba.

Nikaling'oa. Mpaka leo sijui kwa nini. Labda nilitaka kitu kimoja kitoke pale kikiwa hai. Mizizi niliiosha mtoni, nikampelekea. Bwana Majani alipoliona alikaa chini, akauliza limetoka wapi. Nikaogopa wasije wakaenda na majembe wakamkuta mwanangu, nikataja kilima cha kwanza kilichonijia mdomoni, kile cha njia ya Tenke anakoishi rafiki yangu Ngeleka. Akaandika. Ua likapewa jina lake huko Ulaya, naye akafa na heshima zake.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu ilikwenda zaidi ya miaka ishirini. Sasa mainjinia wa mgodi wamejua kwamba ua lile halioti ila penye shaba, wamefungua karatasi ya zamani ya Bwana Majani, wamesoma kilima cha Ngeleka. Stanislas, barua ya kuhamisha kijiji kile uliipiga chapa wewe ofisini kwao, bila kujua uongo ni wa baba yako. Jumatatu mashine zinaingia. Juzi Ngeleka, mtu aliyenibeba mgongoni siku mbili nilipoumwa na nyoka, alikaa hapa kitandani, akaniita baba kama kawaida yake, akaniuliza: "Tata, bakichimba makaburi yetu, mama yangu nitamupeleka wapi?" Nikageukia ukuta. Nimeona aibu nyingi, wanangu, lakini hiyo inanitafuna kuliko ugonjwa.

Najua unachowaza, Stanislas. Wakubwa wakijua, kazi yako itapotea, na nyumba hii ni ya kazi. Najua pia mama yenu angekuwa hai asingenisamehe kumfukua mwanawe. Yote nimeyapima. Mficha maradhi kifo kitamuumbua, nami sitaki kiniumbue juu ya mgongo wa Ngeleka.

Basi shikeni. Kesho asubuhi, Tshiela, chukua shuka yangu nyeupe, uende na kaka yako kilimani, ng'ambo ya Musonoi. Kaburi liko upande wa mto, chini ya jiwe pana lililolala peke yake. Mtoeni dada yenu taratibu, mkamlaze kwa mama yake. Kisha Stanislas andika barua kwa jina langu, taja kilima cha kweli, uipeleke mwenyewe, usimtume mtu. Wakikufukuza, toka na kofia yako mkononi, na msimnunie Ngeleka hata siku moja. Lakini kumwambia, hilo ni langu. Nimemwita.

Njooni niwawekee mkono... Elise mkwe wangu, wewe pia, mama. Mungu awape watoto watakaowazika ninyi, msije mkawazika wao. Awape... maji, Elise, kidogo tu.

Nani anabisha? Ndiye. Mfungulieni, niinueni.

Karibu, ndugu yangu. Hapana, mkono usinipe kwanza. Kaa... Mama yako hahami, Ngeleka. Kilima chako... ni mimi niliyewapa.