Bi Brashi, Aliyesafisha Mifupa ya Wazee Wetu wa Kale

Ndugu, jamaa na majirani, poleni na asanteni kwa kuja. Mimi ni binti wa pili wa marehemu, nami nimepewa heshima ya kuwasomea maisha ya mama yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Bi Brashi.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1949, mtoto wa tatu wa fundi cherehani na mkewe. Alianza shule mwaka 1957 akaishia darasa la nane, kwa kuwa baba yake alifariki na ikambidi amsaidie mama yake kushona. Hakulalamika. Alisema cherehani ndiyo iliyompa mkono usiotetemeka.

Mwaka 1968 aliajiriwa makumbusho kama mfagiaji. Siku moja mtaalamu alimkuta amepiga magoti mbele ya sanduku lililoanguka, akipanga vipande vya fuvu juu ya kitambaa, kila kimoja mahali pake.

"Nani amekufundisha?" mtaalamu akauliza.

"Hakuna, bwana. Nimefuata mshono tu."

Wiki iliyofuata alipewa brashi, sindano na meza ya dirishani. Kwa miaka arobaini na moja alitoa mawe kwenye visukuku, yaani mifupa ya kale iliyogeuka jiwe. Taya moja la mtu wa zamani lilimchukua miezi kumi na moja. Wenzake wakimharakisha, aliwajibu: "Amekaa humu miaka laki mbili, atashindwa kungoja Ijumaa?"

Tarehe 8 Desemba 1973 aliolewa na dereva wa makumbusho, baba yetu, mtu wa maneno machache aliyekuwa akipita mbele ya dirisha lile kila asubuhi bila shughuli yoyote. Mwaka 1975 alizaliwa dada yangu, mweusi ti kama baba. Mwaka 1978 nikazaliwa mimi, mwekundu wa ngozi kama mnavyoniona, na maneno yakaanza kunong'onwa. Shangazi, dada mkubwa wa baba, hakunong'ona. Alikuja nyumbani akasema, "Wifi, mtoto huyu si wa mdogo wangu."

Baba alinyanyuka kwa hasira. Mama akamshika mkono, akamkalisha. Kesho yake alinifunga mgongoni, akamchukua wifi yake hadi kazini, akampa kiti. Akamweleza kwamba watu wote tuna chimbuko moja. Walioishi kwenye jua kali walilindwa na weusi wa ngozi, waliohamia kwenye jua hafifu wakafifia kizazi baada ya kizazi. Baadaye wakakutana tena, wakaoana, damu zikachanganyika. "Mtoto anaweza kuchota sura kwa bibi wa bibi yake, ambaye hata jina lake hatulijui," alisema.

Shangazi alilitazama fuvu lililokuwa mezani. "Na huyu, alikuwa mweusi au mweupe?"

"Wifi, namshika kila siku, na bado hajaniambia."

Shangazi alicheka hadi akajifuta machozi. Kisha akanitoa mgongoni kwa mama, akanibeba mwenyewe hadi nyumbani, tena kwa kupitia sokoni, ili kila mtu aone. Sikuwahi kuulizwa tena mimi ni wa nani. Asante, mama.

Alistaafu mwaka 2009, macho yalipoanza kumchosha. Mwaka 2021 aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa moyo, na tunawashukuru madaktari waliotuongezea miaka mitatu ya kuwa naye. Wiki yake ya mwisho wodini, muuguzi mmoja mgeni, aliyetoka nchi ya mbali, aliona tulivyojaa kitandani akashangaa. "Mama, hawa wote ni ndugu zako?"

"Wote," mama akajibu. "Na wewe pia, ila tulipoteana kidogo njiani."

Alituaga Jumanne, tarehe 11 Juni 2024, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa baba.

Ameacha mume, mabinti wawili, wajukuu watano na kitukuu mmoja. Muuguzi yule naye amekuja. Alipoulizwa mlangoni akae upande gani, alionyesha viti vya familia, na hapo ndipo alipoketi.

Mungu ampokee mama yetu na kumpa pumziko lenye amani.