Ikoni za Adalbert

Benchi la Muzee Cubaka liko mbele ya karakana ya vyuma, mtaani Ndosho, pale njia inapopanda juu ya mawe meusi ya volkano. Asubuhi wanaume wa mtaa hukaa hapo na vikombe vya kahawa, wakaamua vita, mpira na bei ya sukari, kisha kila mtu akaenda kutafuta chakula cha siku. Siku hiyo Kanyere alifika na laptopu ya Vanessa, dada wa marehemu mume wake, ameikumbatia kifuani kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa. Wakasogea, wakampa nafasi.

Wote walimjua mume wake. Adalbert alikuwa mpiga picha. Watu walipokimbia Rutshuru na Masisi wakajaa kambini, aliwapiga picha watoto waliopotezana na wazazi wao njiani, akaanza kutengeneza ukurasa wa enternet ambapo mzazi angeona sura, jina na kambi. Vita ilipoingia mjini, mtandao ukakatika, na Adalbert akapigwa risasi akitoka kuchota maji ziwani. Kambi zikavunjwa. Watoto wakatawanyika tena, na wazazi wakaendelea kugonga mlango wa Kanyere.

— Ikone zake zote nilizitoa ku mashini yake, nikazitia mu kle, nikazileta ku hii mashini, Kanyere alisema, akionyesha flashi iliyochomekwa ubavuni mwa laptopu. Ona. Zimekuwa makaratasi meupe. Nikibonyeza ile ya watoto, inakataa.

Zihindula, fundi wa redio waliyemwita Antenne, aliinamia kioo.

— Virusi hiyo, mama Kanyere. Hizi kle za soko zinazaliwa na ugonjwa.

— Virusi gani? alidakia Josias, mwalimu waliyemwita Directeur hata baada ya shule yake kufungwa. Ile mashini ilikuwa ya zamani, hii ni mupya. Hazisikilizane. Ni kama umuongeleshe mutu wa Beni Kichina.

— Ao bamezifunga huko juu, alisema Muzee Cubaka akimimina kahawa. Ku sateliti. Picha zote za hapa zinapitia kwao kwanza.

— Muzee, sateliti inamujua Adalbert? aliuliza Directeur.

— Inajua batu bote. Hata hii birika inaiona.

Directeur alicheka. Kanyere hakucheka, na kicheko kikafa chenyewe.

Antenne aliweka kikombe chini.

— Ngoja. Tuangalie kwanza inaelekea wapi.

Akafungua maelezo ya ikoni ya kwanza. Ndani mlikuwa na anwani ndefu ya enternet. Akaunganisha mashini na mtandao wa simu yake, akaibonyeza, wakasubiri, na ukurasa wa hali ya hewa ukafunguka, ule Adalbert aliokuwa akiuangalia kabla ya kwenda kupiga picha za harusi.

— Eeh! Inafunguka!

— Kumbe haina ugonjwa, alisema Antenne. Ile picha ndogo ya juu njo ilibakia ku mashini ya zamani. Njia yenyewe iko.

Kanyere aliivuta laptopu karibu, akabonyeza inayofuata. Ikoni ya pili nayo ikafunguka. Akaweka kidole juu ya ile iliyoandikwa WATOTO.

— Sasa hii, Papa Antenne. Hii njo ninatafuta.

Ilikataa. Antenne akasoma anwani yake kimoyomoyo, akairudia.

— Ni nini? aliuliza Kanyere.

— Mama, hii haiende ku enternet. Inaenda ndani ya ile mashini ya Adalbert. Ukurasa alikuwa anautengenezea kwake kwanza, anangojea reseau ya enternet irudi.

— Lakini niliitia mu kle. Niliiona na macho yangu.

— Uliona ikone. Ikone ni mushale tu, mama. Inaonyesha kitu kiko fasi gani. Haikibebe.

— Basi turudie ile mashini, alisema Directeur. Iko wapi?

Ilikuwa Bukavu. Kanyere alikuwa amempa mdogo wake Émile, aliyepanda boti kwenda kuanzisha kazi ya fotokopi. Alimpa bila wasiwasi, akiamini kila alichoacha Adalbert kimo ndani ya ile flashi mfukoni mwake. Akampigia simu palepale, sauti ikisikika kwa wote.

— Émile, vitu vya Adalbert bado viko mu ile mashini?

— Hapana, dada! Ulisema umeisha kuvitosha mule ndani. Nilifuta yote, nikatia sistemu mupya. Iko safi kabisa.

— Asante, Émile, alisema, akakata.

Antenne aliendelea kukitazama kioo ingawa hapakuwa tena na cha kutazama.

Ndipo mwanamke mmoja akashuka kwenye pikipiki, kitenge chake kina vumbi hadi kiunoni.

— Mwaramutse, ba papa, alisalimia. Naitwa Nyirarukundo, nimetoka Rutshuru. Natafuta muke ya Adalbert. Bamenielekeza hapa.

— Njo mimi, alisema Kanyere.

— Bananiambia bwana yako alipiga mutoto wangu picha. Jina yake Nizeyimana. Iko na kovu hapa, juu ya jicho.

Kanyere alikuwa ameziona zile picha. Kila jioni alisimama nyuma ya kiti cha Adalbert, naye akimwambia, angalia huyu, angalia na huyu. Sasa alizitafuta zile sura kichwani, na kila mtoto aliyemkumbuka alikuwa na kovu juu ya jicho.

— Picha zimepotea, mama, alisema. Leo njo tumejua.

Nyirarukundo alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyekwisha kuzoea jibu hilo. Akasogea karibu zaidi.

— Lakini wewe uliziona. Uniambie tu hii moja. Ku picha, alikuwa analia?

Muzee Cubaka alijaza kikombe, akakinyoosha kwa mgeni. Hakukipokea. Alikuwa akiutazama mdomo wa Kanyere, akingoja jibu.