Jeli, Mafuta au Chokaa

Mwanzoni mwa uchochoro mmoja wa Bangkok, pale madereva wa pikipiki wanapongoja abiria, kuna benchi la mbao na mkokoteni wa kahawa wa Bi Teng. Asubuhi hiyo Lamduan, muuza tambi, alimwachia dada yake sufuria akaja kukaa. Binti yake alikuwa anaolewa mwezi ujao, na mezani siku ya harusi Lamduan angetazamana na mumewe wa zamani na mke wake mpya, mbichi, ngozi kama yai la kumenywa. Yeye Lamduan mikunjo miwili ilikuwa imemshuka kutoka puani hadi pembe za mdomo. Kliniki ilimpa njia tatu za kuijaza kwa sindano, achague mwenyewe.

— Kuna jeli, akasema. Kuna mafuta yangu mwenyewe, wanayafyonza tumboni. Na kuna ile ya chembechembe kama chokaa, inakaa sana.

— Mafuta, dada, akakatiza Daktari, mzee aliyepata jina hilo kwa kufagia hospitali miaka mingi. Damu nzito kuliko maji. Chako hakikutupi.

— Na akinenepa? akauliza Uan, dereva wa pikipiki, tumbo limemlalia juu ya tangi. Si yatakumbuka kwao? Mchana ale nguruwe wa kukaanga, jioni uso umeumuka. Chukua chokaa, mama. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

— Chokaa? akauliza Bi Teng, akaweka chujio chini. Siku tukimchoma hekaluni mwili utaisha, mashavu yabaki. Watawa watayaokota wadhani ni masalia matakatifu.

— Basi yatajengewa mnara, akasema Uan. Watu waje kuyaomba namba za bahati nasibu.

Lamduan alicheka, kisha akajiziba mdomo kwa kiganja.

— Nyie chekeni tu. Yule mwanamke atanikodolea macho tangu supu mpaka matunda.

Daktari akakohoa.

— Jeli nayo ni haba na haba. Unajaza, inayeyuka, unajaza tena. Hicho kibaba kitajaa lini?

Msichana wa duka jipya la maua alikuwa amesimama hapo akingoja kahawa yake ya barafu.

— Samahani, shangazi. Ikikosewa, inatolewaje?

Daktari akamtazama Uan. Uan akaanza kufuta kioo cha pikipiki kilichokuwa safi. Bi Teng akamimina maziwa nje ya kikombe.

Lamduan akatoa simu, akapiga kliniki palepale, akauliza vilevile alivyouliza msichana. Akasikiliza, akaitikia, akawageukia.

— Jeli ina sindano ya kuiyeyusha. Hizo nyingine, zikishaingia zimeingia.

Akairudisha simu sikioni.

— Basi niandikie jeli, mwanangu. Ila mwambie daktari wenu asiijaze mikunjo ikapotea kabisa. Siku ya harusi nataka wanione nikicheka.