Papa Ruffin Kyomba, Msomaji wa Farasi wa Kalemie

Ndugu wapendwa, majirani, wakristo wa parokia yetu, na ninyi wasikilizaji wa redio mliokuja hapa bila kuitwa: tunayemzika leo Ijumaa, tarehe 13 Juni 2025, ni Papa Ruffin Kyomba Mulunda. Jamaa imenituma mimi Huguette, binti yake wa kwanza, nisome maisha yake. Nitasoma polepole. Yeye mwenyewe hakupenda mtu anayekimbiza maneno.

Papa Ruffin alizaliwa tarehe 14 Machi 1953 katika milima ya Marungu, upande wa Moba, mtoto wa kwanza wa Papa Barthélemy Kyomba na Mama Monique. Baba yake alikuwa mtunza farasi katika shamba la ng'ombe la Mbelgiji mmoja. Kule juu kuna baridi, mbung'o hawafiki, na farasi waliweza kuishi. Mwaka 1955 alizaliwa mdogo wake, Jacob, na hao wawili walikua pamoja na farasi jike wa kijivu aliyeitwa Comète. Baba yao aliwafundisha kumtazama farasi kabla ya kumgusa: masikio yake, pumzi yake, namna anavyoweka mguu wa nyuma. Siku moja wavulana hao walimtoa Comète zizini bila ruhusa, wakampanda wote wawili. Akawaangusha, akarudi nyumbani peke yake. Wao wakajificha kwenye vichaka kwa kuogopa fimbo. Mzee akasimama nje ya zizi akaita kwa sauti ya kusikika mbali: “Comète amefika, anakula majani! Mlango hauna kufuli!” Wakatoka mafichoni, na hakuna aliyepigwa.

Alisoma shule ya msingi misheni ya Moba, iliyokuwa ikiitwa Baudouinville, kuanzia 1959 hadi 1965. Vita vya miaka ile viliwaondoa wenye shamba, na farasi wakapotea mmoja mmoja. Comète alikufa mwaka 1966, Papa Ruffin akiwa ameshakuja Kalemie kwa masomo ya sekondari. Habari hiyo aliipata kwa barua ya Jacob, na alituambia kwamba aliisoma chooni ili wenzake wasimuone analia. Alipata diploma yake mwaka 1973, pamoja na Kifaransa kizuri ambacho baadaye kilimsaidia kwa kazi asiyoifikiria.

Mwaka 1974 aliingia kazi ya reli. Kwa miaka thelathini na mitano alikuwa karani katika gare, stesheni yetu ya Kalemie, akiandika saa za gari moshi zinazotoka Kabalo na Nyemba. Watu walikuwa wanamuuliza, “Papa Ruffin, gari itafika saa ngapi?” Naye alijibu, “Ile ya kwenye karatasi, ama ile ya kweli?” Alipumzishwa kazi mwaka 2009.

Tarehe 12 Julai 1980 alifunga ndoa na Mama Godelieve, mshonaji, binti wa Ankoro. Mungu aliwapa watoto wanne: mimi, François, Bertille, na Dédé aliyezaliwa mwaka 1994.

Jambo linalofuata tulijadiliana kama lisomwe. Mama amesema lisomwe.

Mwisho wa mwezi wa nane 1998, vita ilipofika Kalemie, sisi watoto wakubwa tulikuwa Moba kwa likizo. Mama alikuwa hospitali, amepasuliwa tumbo, hawezi kusimama. Papa hakuweza kumwacha. Papa Jacob, mdogo wake, alikuwa amepata nafasi kwenye boti ya kuvuka ziwa kwenda Kigoma. Papa alimkabidhi Dédé, mwenye miaka minne, akamwambia: “Umubebe kama wako.” Boti ilifika salama. Lakini wiki ya pili Dédé alishikwa na kipindupindu, akafa kwa siku moja. Habari hiyo ililetwa na wasafiri mwaka 2000. Walisema Papa Jacob alimzika mtoto kwa mikono yake, kisha akaondoka kati ya watu, na hakuna aliyejua alipo.

Papa alimtafuta. Alituma barua kwa mapadri, kwa manahodha, kwa wauza dagaa. Hakupata jibu. Nyumbani jina la Jacob halikutajwa, kwa sababu Mama aliposikia tu jina hilo alikuwa anainuka na kutoka.

Mwaka 2010 kilifunguliwa kioski cha tiyerse kwenye Avenue Lumumba. Ninyi wa hapa mnajua: Jumapili farasi wanakimbia Ufaransa, na mchezaji anataja watatu anaodhani watatangulia. Papa alipita pale akakuta wanaume wameinamia karatasi, mmoja anachagua namba za tarehe ya ndoa yake, mwingine umri wa mama mkwe. Akawauliza, “Muko munachagua namba. Farasi nani anamuangalia?” Akachukua karatasi ile akaanza kuwasomea. Huyu ana miaka minane, na mbio ni ndefu, atachoka. Huyu amebebeshwa kilo nyingi. Huyu alishinda, lakini kwenye udongo mkavu, na kule wiki nzima mvua inanyesha. Huyu wa saba amekaa siku mia bila kukimbia: “Hata muntu akitoka hospitali, siku ya kwanza hawezi kupanda mulima.”

Jumapili ile wawili kati ya watatu wake walitangulia. Tangu hapo akawa na ubao wake pale kioskini, na kuanzia mwaka 2012 redio moja ya hapa mjini ikampa robo saa kila Jumamosi, saa kumi. Hakupatia kila mara. Kuna Jumapili farasi wake watatu walimaliza nyuma kabisa, na vijana wa pikipiki walikuja hadi uwanjani kwetu kumcheka, naye akacheka nao. Mwenyewe hakuwahi kucheza hata mara moja. Alisema: “Mimi naangalia tu.”

Lakini kila Jumamosi, akimaliza kutaja farasi wake, aliongeza maneno yaleyale: “Comète amefika, anakula majani. Mlango hauna kufuli.” Watu walimtafuta Comète kwenye karatasi, hayupo. Jovial, dereva wa pikipiki, aliapa kwamba ni siri ya Papa: Comète ina herufi sita, basi tupige namba sita. Namba sita ikaja ya pili! Kwa mwezi mzima Kalemie yote ilipiga namba sita, na haikurudi tena.

Sisi nyumbani tulijua si namba. Redio ile, hewa ikiwa safi, inasikika hadi ng'ambo ya ziwa. Mama pia alijua. Saa kumi ya Jumamosi ilipofika alikuwa anachukua cherehani yake na kwenda kushonea kwa jirani. Siku moja alimwambia Papa mbele yetu: “Ni wewe unamuita. Mimi simuiti.” Papa akajibu, “Najua, Mama Huguette. Naita kwa sauti yangu tu.” Aliita hivyo miaka tisa.

Tarehe 18 Septemba 2021, mchana, msichana mmoja mwenye kibegi alisimama mlangoni akauliza kama hapa ni kwa Papa wa farasi. Alisema anaitwa Evodie, binti wa Jacob Kyomba. Baba yake alikufa mwaka uliotangulia katika kijiji kimoja cha wavuvi kusini ya Kigoma, na alimwagiza aje.

Papa aliketi chini, palepale mlangoni. Aliuliza jambo moja: “Alikuwa anasikia?”

“Kila Jumamosi,” Evodie akasema. “Alikuwa anatukataza kuongea. Ukifika pale pa Comète, anazima redio, anaenda kukaa kwenye maji.”

“Sasa kwa nini hakurudi?”

“Alijaribu, Papa mkubwa. Mwaka elfu mbili na kumi na tano, mwezi wa saba, alipanda boti. Walifika hapa bandarini siku ya Jumamosi. Watu wote wakashuka. Yeye aliona milima, akaona nyumba, akashindwa. Alisema atamuangalia Mama Godelieve na macho gani? Akabaki ndani mpaka boti iliporudi.”

Kutoka bandarini hadi kwetu ni mwendo wa dakika ishirini kwa mguu. Papa akasema, “Ningeshuka mwenyewe kumuchukua,” na akalirudia neno hilo hadi jioni.

Mama alikuwa amesimama nyuma ya pazia. Alitoka, akamtazama Evodie, na tuliogopa. Akamuuliza: “Kaburi ya mutoto yangu, unaijua?”

“Naijua, Mama. Baba alikuwa anailimia kila mwaka. Alituomba tumuzike pembeni yake.”

Mama akachukua kile kibegi akakiingiza ndani.

Mwezi wa nne 2022 Papa, Mama na Evodie walivuka ziwa. Papa na Mama walisimama kwenye makaburi hayo mawili, dogo na kubwa. Evodie anasema Mama alipalilia yote mawili, akaanza na la Papa Jacob. Waliporudi, Papa aliendelea na redio, lakini maneno yale hakuyasema tena. Wasikilizaji wakapiga simu: Comète yuko wapi? Akajibu kwamba alikuwa na ndugu, ndugu huyo hayupo tena, na akaomba samahani kwa wote waliopoteza kwa namba sita.

Ugonjwa wa figo ulijulikana mwezi wa tano 2024. Alitibiwa Lubumbashi, kwa Bertille. Huko, siku aliyojisikia na nguvu, Bertille alimpeleka mahali watu wanapojifunzia kupanda farasi. Tangu 1966 alikuwa amewasoma kwenye karatasi tu. Mmoja wa rangi ya udongo alikuja hadi kwenye uzio. Papa alitazama masikio, akatazama mguu wa nyuma, kisha akaweka mkono wake shingoni mwake na kubaki hivyo hadi Bertille alipomwambia jua linamchoma. Mbio zenyewe hakuwahi kuziona kwa macho. Alitamani sana.

Aliomba arudishwe Kalemie. Wiki zake za mwisho François alimsomea orodha za farasi, naye alijibu kwa kuinua kidole: huyu ndiyo, huyu hapana. Jumanne tarehe 10 Juni 2025, saa nane mchana, akiwa kitandani kwake na Mama amemshika mguu, alikata roho bila kuhangaika. Alikuwa na miaka sabini na miwili.

Ameacha mjane, Mama Godelieve, watoto Huguette, François na Bertille, Evodie, ambaye yeye alimhesabu mtoto wa nyumba, wajukuu saba, na wasikilizaji ambao hatuwezi kuwahesabu, wa upande huu wa ziwa na wa upande ule. Tunawashukuru madaktari, mapadri, wafanyakazi wenzake wa reli, na majirani mliolala nasi matangani.

Jana tulimuuliza Mama kama ana neno la kuongeza kwenye karatasi hii. Alifikiri, akasema: “Muandike kwamba nilimuzoea. Maneno mengine nitamwambia mwenyewe.”

Papa Ruffin, Mungu akupokee, ulale salama.