Fundi Aliyerudi kwa Masharti Yake

Sogeeni karibu, wanangu, sauti yangu haifiki mbali tena. Na wewe, kifunguamimba, usijifiche nyuma ya dada yako. Haya yanakuhusu, na sitaki kuyasema ukiwa nje.

Karakana yetu ya sare niliianza na cherehani moja, leo zipo arobaini, na kila moja naionea fahari. Lakini siku ninayojivunia kuliko zote ni ile niliyosimama mbele ya mafundi wangu nikakiri kosa.

Mnamjua mkata vitambaa. Alikuja ofisini, mkasi bado mkononi, akaniambia, "Mama, mwanao ananishikashika stoo. Nikimkataza, ananinyima kazi." Nami, kwa kuwa ni damu yangu, nikamjibu, "Vumilia, huo ni utani tu." Aliweka mkasi mezani akaondoka. Kosa la kwanza lilikuwa lako, kifunguamimba. La pili langu, wala msije mkanisafisha nikishazikwa.

Wiki haikuisha, wenzake wawili wakaniletea malalamiko yaleyale. Ndipo nikafunga safari hadi kwake. Hakunikaribisha ndani. Nilimwomba radhi palepale mlangoni, akanisikiliza, kisha akasema, "Nitarudi. Lakini utayasema haya mbele ya wote, naye ayaseme kwa kinywa chake, na asiwe tena bosi wa mwanamke yeyote."

Tuliyasema. Mwanangu, hukumsingizia mtu, wala hukusema shetani alikupitia. Ulijivua usimamizi ukaenda kupiga pasi chini ya fundi uliyekuwa ukimwamrisha, na huu ni mwaka wa tisa. Mkata vitambaa hajakusamehe, nawe hujamsumbua akusamehe. Hapo nilijua nimezaa mtu.

Basi shikeni maneno yangu. Karakana ni yenu nyote kwa sehemu sawa, ila uongozi ni wa mkata vitambaa, mwanasheria ameshaandika. Kamati ya malalamiko wataichagua mafundi wenyewe, asiingie hata mmoja wenu. Akija binti analia, msimuulize alivaa nini. Mketisheni... nipeni maji kwanza... mketisheni, mumsikilize mpaka amalize.

Kesho msifunge kazi kwa ajili yangu, watoto wa shule wanangoja sare. Mungu awape mikono isiyochoka, na uso wa kumtazama kila mtu machoni. Radhi zangu mnazo... nyote... hata wewe, kifunguamimba... wewe hasa.