Kwa Madame Domitille, Aliyetufundisha Kuuliza na Kunyamaza

Mheshimiwa Mwakilishi wa Meya wa mji wetu wa Uvira, Bwana Daktari Mkuu wa eneo la afya, Bwana Prefe, mkuu wa shule yetu ya uuguzi, waheshimiwa walimu wa shule hii, na ninyi wa chuo cha juu ambako Madame alifundisha pia, Padri wetu na Wachungaji, wazazi wetu, wazee wetu mliokaa mstari wa mbele kwa sababu Madame alikataa kuingia ukumbini mpaka mpewe viti vyenye mgongo, wanafunzi wenzangu, na wewe, Madame Domitille: nawasalimu nyote, kila mmoja kwa cheo chake na kwa umri wake.

Naitwa Keza Irankunda, mwanafunzi wa mwaka wa tatu. Wanaonijua wanajua kwamba darasani sauti yangu haifiki benchi la pili. Wenzangu waliponichagua niseme kwa niaba yao, nilimwendea Madame ili anisaidie kukataa. Aliniuliza tu, "Weye mwenyewe unataka?" Kisha akanyamaza. Nilitafuta jibu kwa muda mrefu, na nilipolipata halikuwa lile nililokuja nalo.

Kabla yangu wamezungumza watu wakubwa. Ndugu Basile, kijana wake wa kwanza, ametuambia kwamba chumba cha mama yake kimeshapakwa rangi kule Bukavu. Bwana Prefe ametangaza kwamba Madame anastaafu leo, lakini kiti chake katika kamati ya shule kinabaki. Mama wa kwaya ya parokia amesema wamemngoja kwa miaka mingi awe kiongozi wao. Nimesikiliza yote kwa heshima, na najua yote yametoka katika upendo. Lakini nilikuwa namtazama Madame. Alikuwa anatabasamu huku akiangalia mikono yake. Tabasamu hilo nalifahamu. Niliwahi kuliona kwa mtu mwingine, na kama mtanivumilia nitawaambia wapi.

Madame Domitille alizaliwa Sange, katika nyumba ya wakulima wa mihogo. Alisoma uuguzi, akafanya kazi hospitalini kabla ya kushika chaki. Alitusimulia kwamba katika miaka ile jambo moja lilimsumbua. Daktari alipopita asubuhi na kundi lake, kitanda cha mgonjwa asiyepona kilipitwa haraka kuliko vingine vyote, kana kwamba mtu huyo ameshaondoka na limebaki shuka. Akauliza ni nani anayefundisha namna ya kusimama kwenye kitanda hicho. Hakukuwa na mtu. Akaenda Uganda kujifunza, akiwa tayari mama wa watoto wakubwa, akikaa benchi moja na wasichana waliomwita shangazi. Akarudi na diploma, akaendelea mpaka shahada, na kazi yake ya mwisho ya masomo aliiandika juu ya wazee wa bonde la Ruzizi, ambao hakuna kitabu chetu kilichokuwa kimewataja.

Je, alipokelewa kwa shangwe? Mwalimu mmoja aliyeko hapa, ambaye ameniruhusu kusema bila kumtaja jina, alisimama katika mkutano wa walimu akamwambia, "Madame, tuko na kolera, tuko na malaria, tuko na mama wenye kuzaa. Hawa wenye hawaponi, utafundisha watoto kufanya nini nao?"

Madame akamjibu, "Wale wote munaponesha, siku moja watazeeka."

Mkutano ulicheka, kisha haukucheka tena. Wakampa saa ambayo hakuna mwalimu aliyeitaka, Jumamosi baada ya kufagia uwanja, wakati mabati yanawaka na akili za wanafunzi ziko sokoni. Wanafunzi wa wakati ule wakalibatiza somo lake "somo la kukaa". Walisema ni rahisi, unakaa karibu na mgonjwa, unapewa pointi. Jina hilo limebaki hadi leo, ila sasa tunalitamka kwa namna nyingine.

Maana kukaa, wapendwa wageni, ni kugumu. Katika somo letu la kwanza la vitendo, mwenzetu Franck alichaguliwa kuwa mzee aliyepooza. Alifurahi sana, alisema hiyo ndiyo kazi aliyokuja kuisomea. Jolie akapewa bakuli la uji amlishe. Jolie ni mtu wa bidii. Alimlisha kijiko juu ya kijiko, na Franck, kwa kuwa ni mzee aliyepooza na hawezi kusema, alikodoa macho huku uji ukimshuka shingoni.

"Jolie," Madame akauliza, "umemuuliza kama iko na njaa?"

"Madame, hawezi kujibu."

"Macho yake inasema nini?"

Jolie akayatazama kwa makini. "Inasema nitamuua."

Tulicheka mpaka Bwana Prefe akachungulia dirishani. Madame hakutukataza. Alingoja tumalize, kisha akatulaza sote kwa zamu kwenye kitanda kile, huku wenzetu wamesimama juu yetu wakijadiliana kwamba huyu ageuzwe, huyu aoshwe, huyu apelekwe. Kila mmoja wetu aliamka akiwa ameijua dari. Ndivyo alivyotufundisha. Alituweka kwenye kitanda kwanza, na vitabu vikafuata.

Sasa niseme kuhusu lile tabasamu.

Kabla sijaanza shule hii, babu yangu Bonaventure, tuliyemwita Sogokuru kama watu wa kwetu wanavyoita babu zao, alilazwa hospitalini hapa mjini kwa uvimbe wa ini. Alikuwa mkulima wa mpunga kule Bwegera, katika bonde la Ruzizi. Madaktari walifanya walichoweza, wakatuambia kwa upole kwamba hawana kingine. Baba yangu, Manirakiza, mtoto wake wa kwanza, akasema mzee atabaki hospitalini mpaka apone. Shangazi yangu Bernardine akasema apelekwe ng'ambo ya mpaka, huko kuna mashine. Wajomba wakataja maombi. Walibishana juu ya kitanda chake, mmoja upande huu, mwingine upande ule, na Sogokuru katikati yao alikuwa anatabasamu huku akiangalia mikono yake.

Madame aliingia na wanafunzi wake. Alimsalimia yeye kwanza, kabla ya baba yangu na kabla ya daktari. Akavuta kiti, akakaa mpaka macho yake yakawa sawa na ya mzee. Akamwuliza, "Sogokuru, weye mwenyewe unataka nini?"

Baba akaanza kujibu. Madame akainua mkono, bila kumtazama. Chumba kikanyamaza, na kimya kile kilikuwa kirefu hata shangazi akaanza kukunja shuka ambalo lilikuwa limeshakunjwa. Ndipo Sogokuru akasema, "Minye ninataka kusikia mupunga wangu ukipigwa. Hapa ninasikia magari tu."

Ilikuwa karibu na mavuno. Alijua anaomba nini. Baba naye alijua, na ndiyo sababu alikasirika. Kwetu bondeni, mtu akimtoa mzazi wake hospitalini, watu husema amemchoka. Baba akamwambia Madame, "Weye utarudi kwako. Minye nitabaki na watu. Watasema Manirakiza alitoa baba yake ku hospitali akufe."

Mabwana na mabibi, hapo Madame angeweza kumpa baba yangu hotuba. Angeweza kumwambia kwamba anajali jina lake kuliko mzazi wake. Hakufanya hivyo. Alimwambia, "Waambie ni minye nilimutoa. Nitakuja niseme mwenyewe mbele yao." Akaja. Alipanda gari pamoja nasi, na chupa ya dawa ya maumivu mapajani, na njia nzima alimfundisha shangazi namna ya kuipima, mpaka shangazi akaweza kumfundisha yeye.

Wale wa mjini huenda hamjui kwamba nyumba yetu iko ng'ambo ya mifereji ya mpunga, mahali ambapo gari haliingii. Mgonjwa wa kule hubebwa kwa ngobyi, ile machela ya mianzi ya chama cha wabebaji. Na ngobyi ina desturi yake. Inakwenda mpaka barabarani na mgonjwa. Aliyepona hurudi kwa miguu yake. Ngobyi ikionekana inarudi na mtu, kila mwanamke shambani anajua maana yake.

Jua lilikuwa kali. Wabebaji, kwa nia njema, walimfunika Sogokuru uso kwa kitambaa. Hakuna aliyefikiri, hata Madame. Tulipovuka mfereji wa kwanza, kilio kikapanda kutoka mashambani. Wanawake walitupa miundu, wakaweka mikono kichwani, wakatukimbilia. Tulisikia baadaye kwamba mtu alikuwa ameshatumwa parokiani kuazima viti. Baba yangu alisimama katikati ya njia kama aliyepigwa. Kila alichokiogopa kilikuwa kinakuja kumpokea kwa mbio. Ndipo kitambaa kikashuka, na Sogokuru akainua kichwa.

"Munalia nani?" akauliza.

Waliokuwa mbele waligeuka wakawagonga waliokuwa nyuma. Mmoja alikaa ndani ya mfereji, na alikuwa anacheka na kulia pamoja. Jirani yetu Florentine alipokaribia, Sogokuru akamwambia, "Weye, nimekuona. Ulilia bila machozi."

"Sogokuru," Florentine akamjibu, "machozi niliweka ya siku yenyewe."

Mzee alicheka mpaka wabebaji wakashindwa kutembea sawasawa. Baba yangu naye akacheka, na tangu mzee alipolazwa sikuwa nimemsikia akicheka.

Sogokuru aliusikia mpunga wake. Walipanga magogo ya kupigia karibu na mlango, na mchana kutwa aligomba kutoka kitandani kwamba vijana wa siku hizi wanaupiga kama wanaubembeleza. Majirani walikuja, wakaketi, wakamuaga angali mtu wa kuwajibu. Baba yangu, ambaye hakuwahi kumshika baba yake isipokuwa kwa salamu, alijifunza kumgeuza na kumwosha, na alipokosea Madame alimwonyesha tena. Mavuno yalipokwisha, Sogokuru alifariki mchana, watu wake wakiwa wamemzunguka, bila maumivu makubwa. Florentine alitoa machozi aliyoyaweka.

Maneno yalisemwa? Yalisemwa. Na siku ya mazishi, Madame alisimama mbele ya kijiji ambacho si chake akasema, "Ni minye nilimutoa hospitali, kwa sababu aliniomba." Akakaa. Kwa muda fulani, kule bondeni jina lake halikutajwa kwa wema. Kisha familia moja ikaja kumwuliza namna ya kumleta bibi yao nyumbani, ikafuata nyingine. Leo wabebaji wa ngobyi huja Jumamosi kwenye somo la kukaa, wanakaa nyuma ya darasa na viatu vyenye tope, na kabla ya kuinua mgonjwa humwuliza anataka kupelekwa wapi. Uso hawafuniki tena. Mtu hutembea kando na mwavuli. Ni shule gani nyingine ina wanafunzi kama hao? Ni mtihani gani mwalimu anaweza kuutaka zaidi ya huo?

Madame, umetuachia walioandika tasnifu na walioshika vyeo, na wenzangu wataendelea kuwataja. Mimi nataja kwamba baba yangu analala vizuri.

Yuko nje ya mlango huu. Amekuja na wabebaji, na ngobyi imetandikwa kitambaa kipya. Walitaka kukubeba kutoka hapa mpaka nyumbani kwako Rugenge kwa heshima, kwa kuwa magoti yako yamechoka. Walitaka kuingia nayo tangu mwanzo wa sherehe. Baba aliwazuia. Aliwaambia ngobyi isivuke mlango kabla mwenyewe hajaulizwa.

Kwa hiyo, waheshimiwa, kwa unyenyekevu wote, na bila kupunguza neno la yeyote aliyezungumza kabla yangu: Bukavu kuna chumba, katika kamati kuna kiti, parokiani kuna kwaya, nje kuna ngobyi. Madame amewatunza wazee maisha yake yote, na leo yeye mwenyewe anaingia katika hesabu yao. Huenda anapenda mojawapo ya hayo. Huenda anapenda yote. Huenda anachotaka hakijatajwa humu ndani. Sijui, kwa sababu tangu asubuhi tumemwambia mengi mazuri, na hakuna aliyemwuliza.

Madame Domitille, weye mwenyewe unataka nini?

Mikrofoni naiweka karibu na mkono wako. Nawaomba nyote tusimjibie, hata kwa wimbo. Kimya kikiwa kirefu, tukae nacho. Ndilo somo lake. Wakubwa wangu na wenzangu, nawashukuru kwa kunisikiliza mimi. Sasa tumsikilize yeye.